Gitaa Nimelinyoosha, Idi

Idi mwanangu,

Ukiikuta barua hii ndani ya mfuko wa gitaa, usiifungue stesheni mbele za watu. Ngoja treni ipite Kigwa, umalize kumpungia bibi yako mkono dirishani, ndipo usome. Mambo ya kuangalia sanduku, kutolala mdomo wazi na kutopokea chakula cha mtu usiyemjua, mama yako ameshakwambia, na kesho atakwambia tena mpaka filimbi ilie. Mimi simo humo. Mimi nimekasirika tangu jana, na maelekezo ya mtu aliyekasirika yatakupoteza kabla hujafika Itigi.

Naandika kwa vipande. Chuma cha kulehemu nimekichomeka kwenye jiko la mkaa la mama yako hapa uani. Kikiwa motoni naandika, kikiiva naacha kalamu nalehemu, kikipoa narudi kwako. Mkaa wenyewe wa siku hizi ni majivu yaliyopakwa masizi, kwa hiyo utapata barua ndefu.

Gitaa lako liko mbele yangu mezani, limepasuliwa kifua kama kuku wa sikukuu. Tangu asubuhi halijatoa sauti. Na likibaki hivi, kesho utapanda treni na ubao wenye nyuzi, na watu wa Dar waliokuita uwapigie watakuuliza umekuja kupiga au kufulia.

Basi ndiyo hali. Sasa nikwambie kilichoniuma, maana asubuhi uliondoka kwenda kumuaga bibi bila kuniamkia, na mimi nilijifanya nimelala.

Jana pale ukumbini Gongoni, wakati watu wanakunywa soda ya kukuaga, yule kijana wa Dar mwenye suruali pana, aliyekuja kukuchukua, aliomba gitaa alijaribu. Nikampa. Akapiga na swichi juu, akatikisa kichwa: safi. Akapiga na swichi chini: safi. Akaiweka katikati, pale ambapo pikapu zote mbili, zile sumaku za kunasa sauti chini ya nyuzi, zinafanya kazi pamoja, akakunja uso kama mtu aliyekanyaga kinyesi.

"Mzee," akasema, "hapa katikati nyaya zimepishana. Hizi sumaku mbili zinapigana. Moja inavuta, nyingine inasukuma. Umefunga kinyume."

Nikamwambia, "Kijana, sauti hiyo imechezesha watu kutoka hapa mpaka Ujiji."

Akasema, "Walikuwa wanakuonea huruma, mzee."

Na wewe ukacheka. Idi, ulicheka. Si cheko la adabu la kumridhisha mgeni, ulicheka mpaka ukashika meza. Halafu ukaniambia mbele ya bendi nzima, "Ba mdogo, basi ninyooshee kabla sijaondoka. Kule watanicheka."

Niliyokujibu siyarudii kwenye karatasi. Mama yako aliyasikia na hajaniletea chai mpaka sasa.

(Chuma kimeiva. Ngoja.)

Nimerudi. Hakijashika. Risasi hii ya kulehemia niliikwangua kwenye redio mbovu, ikiyeyuka inakimbia kama mtoto aliyeona sindano. Madukani hakuna risasi, hakuna nyuzi, hakuna hata bisibisi ya maana. Ukiuliza unaambiwa subiri, zinakuja. Zimekuwa zinakuja tangu wewe hujabaleghe. Nakukumbusha haya kwa sababu kule Dar utakutana na watu waliozoea kufungua boksi na kukuta kitu kipya ndani, nao watadhani mtu akifunga gitaa lake na nyaya za breki ya baiskeli ni mshamba. Wewe unajua nyaya zile zilivyokata vidole vyangu. Unajua shingo ya gitaa hili ilivunjikia kwenye lori njia ya Urambo, nikaiunga kwa mninga na gundi ya seremala, na mpaka leo ukiigonga inalia tii kama kengele ya kanisa la misheni. Kinobu cha sauti kilitoka kwenye redio. Bamba la kifuani nililikata kwenye debe la mafuta, nikalipiga rangi nyeusi, na mtu mmoja wa Kigoma aliniuliza limetengenezwa Ulaya ipi. Nikamwambia ya kaskazini.

Lakini hizo pikapu hujawahi kunisikia nikizieleza sawasawa, maana kila nikianza mnaondoka mmoja mmoja.

Gitaa lilipotufikia, lilitoka kwa mzungu wa mashamba ya tumbaku aliyefunga mizigo yake baada ya uhuru. Lilikuwa na pikapu mbili za kiwandani, ile ya karibu na shingo na ile ya karibu na mkono wako wa kulia. Masika ya pili ile ya kulia ikafa. Unyevu uliingia, waya ukala kutu ndani, ikawa kama jino bovu: ipo na haitafuni. Kila mtu alinambia basi, piga na moja. Mimi sikuzaliwa kupiga na moja.

Nikapata sumaku kwenye spika ya redio iliyopasuka. Waya ndio ulikuwa kazi. Wa mota ni mnene, hautoi kitu. Nikakumbuka koili ya gari, ile inayopeleka moto kwenye plagi: ndani mwake, katikati ya mafuta meusi, kuna waya mwembamba kuliko unywele. Nikaomba koili iliyokufa kwa madereva wa malori ya tumbaku, nikaipasua, nikanuka mafuta yale wiki nzima, paka wa Gongoni wakawa wananifuata njiani. Hapa siongezi chumvi. Mmoja nilimfuga.

Sasa kuuzungusha ule waya kwenye sumaku, mara maelfu, bila kukatika, kwa mkono haiwezekani. Nikamwendea mama yako. Wewe ulikuwa mgongoni mwake. Nikamwambia, "Shemeji, nipe cherehani."

"Cherehani yangu haifungi vyuma," akasema.

"Si chuma, ni uzi. Uzi wa shaba."

Alinitazama sana. Halafu akaichukua sumaku yeye mwenyewe, akaifunga pale anapojazia uzi kwenye bobini, akaanza kuzungusha gurudumu polepole, waya unapita katikati ya vidole vyake viwili. Katikati ya kazi nikamwambia, shemeji, ile ya kiwandani naona imezungushwa upande ule mwingine, hebu rudisha gurudumu nyuma. Akanipiga kofi mkononi. Kwake yeye gurudumu la cherehani halirudishwi nyuma. Uzi utajisokota, sindano itavunjika, na fundi aliyemfundisha kazi alimwapiza hivyo tangu akiwa msichana. Gurudumu linaenda linakoenda. Nikamwachia, maana mashine si yangu.

Basi ndivyo pikapu ile ilivyozaliwa, na mkono wa mama yako, kwa upande wa cherehani. Yule kijana wa suruali pana anasema nimefunga kinyume. Sikufunga kinyume. Nilifunga kama ilivyozungushwa. Kwamba ukiweka swichi katikati sauti inakonda na kuingia puani, hilo nililisikia siku ya kwanza, masikio ninayo. Sababu yake ndiyo sikuijua. Darasa la nne halifundishi mambo hayo. Kuijua sababu kumenifurahisha. Kuijua mbele ya meza ya soda, huku wewe umeshika tumbo, hapana.

(Ngoja tena.)

Idi, mambo yameharibika. Nilikuwa naachanisha zile ncha mbili ili nizigeuze kama ulivyotaka, na ncha ya ndani imekatikia kwenye mzunguko. Yaani waya ule mwembamba umejificha ndani ya pikapu na mimi siuoni. Nimevaa miwani, nimevua miwani, nimesogea juani, nimesogea kivulini. Macho haya yaliyokuwa yakiona nzi kwenye mnara wa reli! Nimepiga teke kiti cha mama yako. Sasa naandika ili nisilipige teke na gitaa.

Nikiwa nimekaa hapa na hasira zangu, nikupe habari ya Lusu, maana siku ile hukuwepo, na wanaoisimulia wanaisimulia vibaya.

Ilikuwa mwaka ule wa kuhamishwa watu vijijini. Bendi tuliitwa tukasherehekee kijiji kipya ng'ambo ya Lusu. Tukapakia ngoma, tarumbeta, amplifaya na betri mbili za gari, tukaenda. Nilidhani tutakuta watu wamepanga mistari na vigelegele. Tukakuta uwanja wa vumbi, miti imetoka kukatwa jana, na watu wamekaa juu ya mizigo yao kama abiria wanaosubiri treni ya kuwarudisha. Malori yalikuwa yamewashusha asubuhi. Mlango wa nyumba ya mtu umeegemezwa kwenye mti, hauna nyumba.

Mwenyekiti akahutubia. Watu kimya. Akasema bendi ipige. Tukapiga zile za furaha, tarumbeta mbele. Watu kimya. Nikapiga solo ya swichi juu, ile nene inayopendwa ukumbini. Upepo ukaichukua yote ukaipeleka porini. Nilipiga vizuri sana, Idi, swala wangecheza. Watu kimya.

Palikuwa na bibi mmoja mbele yetu, ametupa mgongo. Tangu asubuhi hakutaka kufungua mzigo wake. Watoto wake wanambembeleza, mayu, yaani mama, toa basi hata sufuria, wajukuu wana njaa. Hasikii. Mzigo umefungwa kwa kamba za katani na yeye kaukalia.

Nikasema moyoni, mimi nimepiga mbele ya wakuu wa mikoa, bibi mmoja hanishindi. Nikaweka swichi katikati. Sauti ikatoka nyembamba, ya puani, kama mtu anayetaka kulia na ameambiwa kuna wageni. Nikaipiga polepole, bila ngoma. Upepo haukuiweza, ilipita katikati yake kama sindano.

Yule bibi akageuka. Akanitazama mimi, akalitazama gitaa, akauliza kwa Kinyamwezi, "Na hili nalo limeletwa na lori?"

Nikamjibu, "Ndiyo mayu, limekaa juu ya gunia njia nzima."

"Linaonekana," akasema.

Hakucheza. Wanaosema alicheza ni waongo, na mimi naijua kazi ya uongo kuliko wao. Alichofanya, aliinama akaanza kufungua kamba. Akatoa sufuria. Akatoa mawe matatu, ndiyo, alikuja na mafiga yake kutoka alikotoka, akayapanga chini, akamwambia mjukuu kalete kuni. Na watu wa pembeni walipoona moshi wake, wakaanza kufungua ya kwao. Mwenyekiti jioni alisema hotuba yake ndiyo iliyofanya kazi. Mwache.

Sasa niambie wewe na huyo msomi wako wa suruali. Ile ilikuwa huruma? Nani alimhurumia nani?

Unanijua, nina maneno makubwa. Nimewaambia watoto wa mtaa huu kwamba babu yetu, baba wa huyo bibi yako wa Kigwa, alibeba kinanda cha mmisionari kichwani kutoka pwani mpaka hapa Unyanyembe, na kwamba kila akipanda kilima kinanda kilivuta pumzi na kuimba chenyewe, simba wakawa wanakaa pembeni ya njia kusikiliza. Simba ni wangu, nimewaongeza mimi. Kinanda ni kweli. Na jambo moja bibi hupenda kulisimulia ambalo mimi hulirukaga kwa sababu halina simba: kwamba asubuhi ya kwanza ya safari, babu na wapagazi wenzake waliifungua mizigo yote waliyokabidhiwa na kuifunga upya, kila mtu kwa bega lake. Mwenye msafara alipiga kelele, msiguse, imefungwa na mafundi wa pwani! Wakamwacha apige kelele. Fundi wa pwani hakuwa na bega la babu. Kinanda babu alikigeuza kichwa chini miguu juu, kikakaa, kikafika.

Mimi gitaa nililigeuza hivyo. Lilikuja limefungwa kwa bega la mtu mwingine.

Na sasa bega ni lako. Hapo ndipo hasira yangu inapogonga ukuta, mwanangu, tangu asubuhi nalizunguka neno hili. Nikisema ubebe nilivyofunga mimi, mimi na yule mwenye msafara tuna tofauti gani?

(Mama yako kaja. Nitarudi.)

Nimerudi na habari. Alisikia kiti kikianguka. Akaja akasimama na kanga yake begani, hajanisalimu, akanyoosha mkono. Nikampa pikapu. Akaivuta karibu na pua, akachomoa sindano kwenye kola ya gauni, akachokoa mahali pamoja tu, na ncha ya waya ikatoka kama uzi wa pindo.

"Uzi wangu naujua," akasema. "Haya. Unaunga upande gani?"

Ncha zote mbili zilikuwa wazi mezani, Idi. Chuma kimeiva, risasi kwa mara ya kwanza leo imetulia. Ningeweza kuzirudisha kama zilivyokuwa na wewe usingejua mpaka ufike. Ungefika, ungeweka swichi katikati, wangecheka, ungenichukia, na gitaa lingebaki la kwangu hata likiwa Dar. Niliwaza hilo. Niliwaza mpaka mama yako akasema, "Shemeji, chuma kinapoa."

Nimezigeuza. Nimezifunga unavyotaka wewe.

Tumelijaribu kwa betri. Swichi juu, inalia. Chini, inalia. Katikati, Idi, sauti imejaa ua mzima. Nene, pana, imenyooka, kila kitu kipo. Nimeudhika kwa jinsi ilivyo nzuri. Ndiyo ile ile unayoisikia kwenye redio kila jioni, na sasa tunayo hapa, kwenye debe la mafuta na sumaku ya spika. Mtu aliyelifunga ni fundi, waambie hivyo, na jina lake uwatajie polepole waliandike.

Mama yako alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sasa linalia kama la redioni."

"Hiyo ni sifa au ni tusi?"

"Sijui," akasema. "Nilikuwa nikishona mbali, huko sokoni, nikisikia ule mlio wa puani najua kwamba ni nyinyi, na kwamba mtoto hajalala, yuko nawe. Sasa nitajuaje?"

Akaenda kuchemsha chai. Ameniletea. Ina sukari nyingi, sijui kaitoa wapi, na sikumuuliza.

Kwa hiyo gitaa liende. Bendi itabaki na tarumbeta na lile gitaa langu kavu la zamani, na mimi nitawaambia watu kwamba sauti ya umeme imenichosha. Wataamini, nitaisema vizuri. Huko uendako, wakikwambia piga kama fulani, piga kama fulani mpaka wao wenyewe wachanganyikiwe. Usione aibu kujifunza kwa wanaojua sababu za vitu. Mimi nilivijua vitu bila sababu zake na nimechoka njiani. Muulize huyo wa suruali pana kila kitu, kinywa chake ni kibaya lakini sikio lake zima, alisikia kwa mpigo mmoja kitu ambacho sisi tumeishi nacho miaka yote. Ila akicheka kazi ya mtu mbele yako, tazama kwanza mtu mwenyewe amekaa wapi.

Jambo la mwisho ni la kiufundi. Ukifungua bamba la kifuani, chini ya swichi utaona nimeacha waya mrefu kidogo, umejikunja kama mkia wa ng'ombe aliyelala. Fundi yeyote wa huko atataka kuukata ili pawe pasafi. Usimruhusu. Nimeuacha ili ncha zile mbili zifikie upande wowote utakaopenda. Huhitaji kuongeza kitu wala kunitafuta. Ni kubadilishana tu, nyeusi mahali pa nyekundu, na chuma cha moto.

Sikuombi ufanye hivyo. Huenda usifanye kamwe, na gitaa halitakudai. Lakini jioni mimi hukaa kwenye kibaraza cha duka la pembeni, pale wanapoweka redio juu ya gunia la mchele, na mama yako siku hizi anasogeza cherehani yake karibu na dirisha. Siku bendi yenu itakapopigwa, usituandikie kutueleza. Kwa noti ya kwanza tu tutajua waya umekaa upande gani, na kwa vyovyote nitawaambia waliokaa pale kwamba huyo ni wangu.

Sasa nasikia sauti yako kule mlangoni, umerudi toka Kigwa, unamsalimia mama yako. Unauliza kama bado nimenuna. Nafunika kalamu. Njoo uniamkie, gitaa liko tayari.

Ba mdogo wako,
Shabani